"Frateri, Wanaenda Wapi?"

Leo nianze na kuungama. Sio ile ya sakramenti, hiyo nimeshafanya.

Jumamosi moja nilikuwa kigangoni kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Kabla hatujaanza, nikamkuta mtoto mmoja amechuchumaa nyuma ya kanisa, anaangalia msafara wa siafu. Akaniuliza, "Frateri, wanaenda wapi wote hawa?" Nikamjibu, "Ingia ndani, tumechelewa." Na somo la siku hiyo, naomba usicheke, lilikuwa uumbaji.

Mimi nimesoma falsafa. Aristotle anasema watu walianza kutafuta hekima kwa sababu walishangaa. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nikalijibu vizuri tu. Halafu mshangao wenyewe umekuja umevaa kaptula ya shule, nikaufukuza.

Soma Mathayo 18. Wanafunzi hawakuuliza habari za watoto, waliuliza nani aliye mkubwa. Yesu akamweka mtoto katikati yao. Sio kwamba watoto ni malaika. Mwenye wadogo zake nyumbani anajua vita vya andazi moja. Ila mtoto bado hajajifunza kuona vitu kama haki yake. Mvua ikinyesha, kwake ni habari mpya. Sisi tunalalamika matope.

Aliyeielewa sura hii kwa undani ni Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, na akafariki 1897 akiwa na miaka 24. Hakwenda misioni hata mara moja, lakini tangu 1927 ni msimamizi wa misioni.

Humo konventini kulikuwa na sista mzee, mgonjwa, na mgumu kuridhishwa. Kila jioni alihitaji mtu wa kumpeleka mezani. Theresia akajitolea, ingawa kazi yenyewe ilimwia ngumu. Akienda haraka, sista analalamika ataanguka. Akienda taratibu, analalamika haisikii mikono yake. Wakifika anamketisha, anamkunja mikono ya kanzu kwa namna yake ileile, anaondoka. Hapo wengi wetu tungesema nimemaliza zamu. Theresia akagundua kwamba yule mama anapata shida kukata mkate. Basi akawa anamkatia bila kuombwa, na kabla ya kuondoka anampa tabasamu. Hicho ndicho kilichomgusa yule mzee.

Angalia vizuri: asingeweza kukata ule mkate kama hakuitazama ile mikono. Jicho linaloona siafu ndilo linaloona mikono ya mtu ikihangaika. Tukilipoteza jicho hilo, wema wetu unabaki ratiba.

Na usidhani alikuwa na maisha mepesi. Kuanzia Pasaka ya 1896 hadi kifo chake alipita katika giza zito la imani, huku kifua kikuu kikimmaliza. Kwa hiyo wewe unayetafuta kazi mwaka wa pili sasa, sikwambii ujifanye una furaha. Theresia naye hakujisikia vizuri, ila aliendelea kutazama.

Wiki hii jaribu hivi. Ukiwa kwenye daladala, weka simu mfukoni na utazame dirishani mpaka uone kitu cha kumshukuru Mungu. Nyumbani, fanya jambo moja dogo ambalo hujaombwa: chota maji, mpigie bibi simu. Usiweke status.

Mimi Jumamosi iliyofuata nilirudi kigangoni mapema. Siafu walikuwa wameshaondoka. Nikamtafuta yule mtoto nikamuuliza, "Hivi walikuwa wanaenda wapi?"

"Walikuwa wanahama, Frateri. Wengine walibeba watoto wao." Akanivuta mkono, akanionyesha walikopita. Somo lilichelewa kuanza kwa dakika kumi.