Kuteremka tena mlima kwa baiskeli baada ya kuanguka



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowapata wengi wetu tunaoishi milimani. Mtu ameanguka na baiskeli mteremkoni, amevunjika, ametibiwa na amepona. Mfupa umeunga. Lakini baiskeli imeegemezwa ukutani, na mwenyewe hapandi tena. Ukimwuliza atakuambia kwamba tairi lina pancha, au raba za breki zimekwisha. Ukweli ni kwamba anaogopa, na anaona haya kusema.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia katekista mmoja. Kila Jumapili alikuwa akiteremka kwenda kigango cha bondeni kuongoza ibada na kuwapelekea wagonjwa Komunyo, kwa sababu padre hufika huko mara moja tu kwa mwezi. Siku moja, mvua ikiwa imenyesha, alifika kwenye kona kwa mwendo mkali akakamata breki ya mbele ghafla. Alirushwa juu ya usukani akavunjika mtulinga.

Baada ya miezi mitatu mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Aliponiambia kwamba bado moyo wake unakataa kushuka, nilimjibu hivi: "Mzee, jikaze! Wewe ni mtu wa imani, unaogopa nini?" Nilidhani nimemtia moyo. Jumapili iliyofuata alianza na mteremko uleule wa kigangoni. Kabla ya kufika nusu mikono ilikuwa inatetemeka, jasho linamtoka. Akashuka, akakokota baiskeli kurudi nyumbani. Hakwenda tena kwa muda wa miezi mitano. Katika miezi hiyo bibi mmoja wa kule bondeni, aliyekuwa akiletewa Komunyo na katekista huyu, alifariki bila kuipata.

Aliporudi hospitali kwa shida nyingine aliniambia: "Sista, tangu uliposema vile, naona haya hata kusali." Maneno yale yalinichoma. Ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayowaeleza leo.

Woga huu ni nini?

Mungu ametupa woga ili utulinde. Mtu akipatwa na hatari, mwili humwaga damuni kichocheo kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi, na misuli hukaza. Ubongo nao huweka kumbukumbu: mteremko, kona, kokoto, sauti ya upepo masikioni. Mtu akikutana tena na vitu hivyo, mwili hupiga kengele ya hatari kabla hata hajafikiri. Kwa hiyo woga huu si ukosefu wa imani, wala si tabia ya kike au ya kitoto. Ni mwili uliojifunza somo moja kupita kiasi.

Kila mara tunapokwepa mteremko tunapata nafuu ya saa hiyo, lakini ubongo unazidi kuamini kwamba tumeponea chupuchupu. Hivyo kukwepa hulisha woga. Kwa upande mwingine, kujitupa kwenye mteremko mkali siku ya kwanza huongeza woga, maana mikono iliyokaza haiwezi kuongoza baiskeli vizuri. Njia iliyo salama ni katikati ya hizo mbili: kurudi ngazi kwa ngazi.

Kwanza, je, mwili uko tayari?

Mtulinga wa mtu mzima huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga, na mara nyingine zaidi. Usipande baiskeli kabla daktari hajakuruhusu. Kumbuka pia kwamba mkono uliokaa kwenye kombeo kwa wiki nyingi umepoteza nguvu. Jipime hivi nyumbani:

1. Kamua nguo nzito iliyolowa kwa mikono miwili. Je, mkono ulioumia unabana sawa na mwenzake?
2. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko kisha jisukume urudi. Fanya hivyo mara 10. Je, kuna maumivu?
3. Geuza shingo kulia na kushoto. Je, unaweza kutazama nyuma bila kizunguzungu?

Ukishindwa hata kimoja, endelea na mazoezi na urudi kwa mtaalamu. Kama uliumia kichwa na bado una maumivu ya kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuona mawili mawili, usingoje. Nenda hospitali leo.

Pili, je, baiskeli iko tayari?

Mara nyingine woga unasema kweli! Kagua raba za breki: zisiwe zimelika hadi karibu na chuma, na ziguse rimu, si tairi. Vuta breki zote mbili. Mkono wa breki usigonge usukani. Kaza usukani na magurudumu. Kiteremshe kiti kidogo ili miguu yako ifike chini kwa urahisi. Katika siku za mazoezi keria iwe tupu, kwa sababu mzigo huisukuma baiskeli na kuchelewesha kusimama. Ukiweza kupata kofia ngumu, ivae na uifunge kidevuni.

Tatu, kujifunza upya kuteremka

Wengi wetu tulijifunza baiskeli utotoni kwa kuanguka tu, hatukufundishwa. Shika haya:

- Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi karibu mara nne, na mteremkoni umbali huo huwa mrefu kuliko tambarare.
- Tumia breki zote mbili polepole. Ya mbele ina nguvu zaidi, lakini ukiikamata ghafla hukurusha. Ya nyuma ukiikaza mno kwenye kokoto, gurudumu huteleza.
- Pedali ziwe sawasawa, hakuna iliyo chini wala iliyo juu. Inuka kidogo kutoka kitini, kunja magoti na viwiko, na rudisha uzito wako nyuma.
- Tazama mbele, mahali unapotaka kupita. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga.
- Mvua ikinyesha, rimu zilizolowa hazishiki haraka. Anza kukamata breki mapema zaidi, au shuka utembee.
- Kwenye mteremko mrefu simama mara kwa mara. Rimu zipoe, na vidole vyako vipumzike.

Nne, ngazi za kurudi

Pima woga wako kwa namba. Sifuri ni utulivu, 10 ni woga mkubwa kuliko wote. Kisha panga ngazi zako, kwa mfano hivi:

Ngazi ya 1: Endesha kwenye uwanja tambarare. Jizoeze kusimama mahali ulipopiga mstari.

Ngazi ya 2: Teremka mwinuko mdogo wa hatua 20, unaoona mwisho wake.

Ngazi ya 3: Teremka mlima wa wastani, ukisimama kila baada ya hatua 30.

Ngazi ya 4: Tembea kwa miguu kwenye mteremko ulioangukia. Angalia kona, kokoto na makorongo. Simama pale pale ulipoanguka mpaka moyo utulie.

Ngazi ya 5: Teremka sehemu ya chini ya mteremko huo, kisha siku nyingine anzia juu kidogo.

Rudia kila ngazi mara nyingi, siku mbalimbali. Woga ukishuka hadi 3 au chini ya hapo, panda ngazi inayofuata. Ukifika 7, simama kando ya njia mahali salama. Usikimbilie nyumbani. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe taratibu zaidi kwa mdomo, na legeza mabega na vidole. Ngoja hadi namba ishuke, ndipo uendelee au ukokote. Ukirudi nyumbani wakati woga uko kileleni, ubongo utajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa.

Afadhali uwe na mwenzako anayetembea kando bila kukucheka wala kukuharakisha. Wala usitafute ushujaa katika pombe. Pombe huondoa woga pamoja na akili ya kukamata breki kwa wakati wake.

Lini utafute msaada zaidi?

Kama mwezi umepita tangu ajali na bado unaota ndoto za kutisha, unaiona ajali kana kwamba inatokea tena, hulali, unashtuka ovyo, au huwezi kufanya kazi zako, njoo hospitali ueleze. Hayo ni majeraha ya akili, nayo yana matibabu. Si wazimu.

Katekista aliishia wapi?

Nilimwomba radhi kwanza. Kisha tulipanga ngazi zake pamoja, na kijana wake alitembea naye. Ilichukua wiki tisa. Sasa anateremka kila Jumapili. Lakini kwenye ile kona aliyoangukia hushuka, hukokota baiskeli hatua kama 40, halafu hupanda tena. Nilipomwuliza kama bado anaogopa, alicheka akasema, "Hapana, Sista, ila pale hapafai kwa baiskeli. Hata zamani hapakufaa." Nadhani hiyo ndiyo afya: kutoogopa mlima wote, na kuijua kona moja iliyo mbaya.

Tukumbuke Mtume Petro juu ya maji. Alipoogopa na kuanza kuzama, Bwana alimnyoshea mkono kwanza akamshika. Maneno ya kumwonya yalifuata baadaye. Mimi nilianza na maneno. Wewe mwenye ndugu, mume au jirani aliyeanguka, anza na mkono.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyeacha kazi au huduma fulani kwa sababu ya ajali? Nani atamtembelea?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wenye woga, ambayo badala ya kuwasaidia huwatia haya?
3. Kona gani za njia zetu ni za hatari, na tunaweza kuzitengeneza pamoja lini?

Mungu awalinde njiani. Tuonane mwezi ujao.