Dawa Huponya, na Dawa Hudhuru

Kamuli ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera. Zamani nchi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Karagwe, hata mwaka 2012 Kyerwa ikafanywa wilaya peke yake. Watu wa huko, kama watu wa kila mahali, huugua na kupewa dawa. Na wengi hudhani ya kuwa dawa ya daktari haiwezi kumdhuru mtu kamwe. Dhana hiyo si kweli. Habari iliyotokea katika Ziwa la Viktoria, si mbali sana na Kamuli, yaonyesha jambo hili wazi.

Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu wa pwani za ziwa hilo. Katika Uganda peke yake walikufa zaidi ya watu laki mbili. Mwaka 1906 alikuja daktari wa Kidachi, jina lake Robert Koch, mtu mwenye sifa kubwa duniani, akakaa katika Visiwa vya Sese, maana huko wagonjwa walikuwa wengi. Dawa yake ilikuwa ya sindano, nayo iliitwa Atoxyl. Maana ya jina hilo ni "isiyo na sumu", lakini ndani yake ilikuwamo aseniki, ambayo ni sumu kali.

Kwanza Koch aliwapa wagonjwa kipimo cha nusu gramu. Vijidudu vya malale vikatoweka katika damu, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Lakini baada ya muda vijidudu vikarudi. Basi akaongeza kipimo mpaka gramu nzima. Hapo wagonjwa wakaanza kulalamika: huyu ana kizunguzungu, huyu ana kichefuchefu, huyu tumbo lamwuma. Kisha wengine wakasema ya kuwa macho yao hayaoni vema. Hata mwisho watu zaidi ya 20 wakapofuka kabisa, wala hawakuona tena mpaka kufa kwao. Ndipo kipimo kile kikubwa kikaachwa.

Sababu ya msiba huo ni nini? Dawa ikiingia katika damu huzunguka mwili wote. Haiendi mahali penye ugonjwa tu. Aseniki ile iliua vijidudu, lakini iliharibu na mishipa ya fahamu ya macho. Tena miili ya watu si sawasawa. Dawa moja yaweza kumponya mtu huyu, na kumtoa ndugu yake vipele mwili mzima.

Si kila badiliko ni la hatari. Mtu anywaye rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huona mkojo wake umekuwa mwekundu, wala haimdhuru. Lakini mtu huyo huyo akiona weupe wa macho yake umegeuka manjano, hiyo ni ishara ya kuwa ini lake limeumia, naye aende kwa daktari mara moja. Ishara nyingine za hatari ni hizi: uso au midomo kuvimba, pumzi kubana, ngozi kutoka malengelenge, vidonda kinywani, na macho kuingia ukungu. Zikitokea, mgonjwa asimeze kidonge kingine, bali apelekwe hospitali saa ile ile.

Tuseme mtoto wa Kamuli amepewa vidonge zahanati, na usiku mwili wake ukaanza kuwasha. Baba asema, "Vitupeni vidonge hivyo." Bibi asema, "Amalize, asiseme neno." Wote wawili wamekosea. Akiacha dawa bila shauri, huenda ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Akinyamaza, huenda madhara yakazidi. Njia iliyo njema ni kurudi zahanati pamoja na pakiti ya dawa, na kueleza mambo matatu: alianza lini kuimeza, dalili zilianza lini, na ni dawa gani nyingine alizokunywa, pamoja na zile za mitishamba.

Mhudumu akiisha kumtibu, huandika habari hiyo katika fomu ya rangi ya njano, nayo hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019. Habari moja ni kama tone la maji. Lakini nyingi zikifanana, hata wakubwa hutambua ya kuwa dawa ina kasoro. Ndivyo ilivyokuwa kwa thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957. Wanawake wenye mimba waliinywa ili wasitapike, na watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na viungo pungufu, wengine bila mikono. Mwaka 1961 madaktari wa Ujerumani na Australia walitoa habari ya waliyoyaona, na dawa ikaondolewa madukani. Tangu mwaka 1968 mataifa hukusanya habari hizo pamoja.

Basi mgonjwa asione haya kusema. Daktari ana elimu, lakini hawezi kuona kwa macho ya mgonjwa. Mwenye kuona ukungu ndiye ajuaye ya kuwa upo. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humfichua. Na afichaye madhara ya dawa hajidhuru peke yake, bali humdhuru na yule atakayepewa dawa hiyo kesho.

Maswali

1. Jina la Atoxyl lilikuwa na maana gani, na kwa nini halikufaa?
2. Wagonjwa wa Sese walilalamika nini kabla ya kupofuka?
3. Taja ishara nne za hatari ziletwazo na dawa.
4. Baba na bibi wa mtoto yule walikosea wapi?
5. Habari ya mgonjwa mmoja yawezaje kuwafaa watu wengi?