Kwa nini gari huchoka likipanda bara?

Swali: Gari langu la petroli, cc 1500 lisilo na turbo, hukimbia vizuri Mombasa. Nikifika Limuru linakuwa zito, na nikitaka kulipita lori halichomoki. Injini imekufa?

Jibu: Haijafa, ndugu yangu. Petroli huungua kwa oksijeni, na hewa ya Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ni nyepesi. Kila mita 1,000 unazopanda, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Yenye nguvu-farasi 100 pwani hubaki na kama 80 huko, na mlima nao unadai haki yake.

Kukanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa gia ya juu hakusaidii. Nguvu ni msokoto wa injini ukizidishwa kwa kasi yake ya kuzunguka, na gia ya juu huifanya izunguke polepole. Kwa hiyo shusha gia, acha mshale wa mizunguko ya injini upande hadi 4,000 hivi kwa dakika, ndipo utoke. Nakusihi, usitoke kabla hujaona barabara yote mbele: nafasi uliyoizoea pwani haitoshi huku.

Likiwa zito hata Mombasa, anza kukagua chujio la hewa na plagi.