Jiko la Gesi ni la Mume na Mke

Wapendwa wanandoa, katika nyumba nyingi mume hununua mtungi wa gesi, huufikisha jikoni, na kazi yake huishia hapo. Je, baba, gesi ikivuja mama akiwa sokoni na watoto wamo ndani, utajua la kufanya?

Basi jifunzeni pamoja. Mtungi usimame wima. Kila mnapoubadilisha, pakeni povu la sabuni kwenye mpira na viungo vyake. Mkiona viputo, gesi inavuja. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutia sufuria masizi, huenda matundu ya jiko yameziba. Zimeni, jiko lipoe, kisha mlisugue kwa maji ya sabuni na kuzibua matundu kwa sindano.

Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe kiberiti wala taa. Watoeni watoto, fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda chini sakafuni.

Kila usiku, baada ya sala ya familia, mmoja aufunge mtungi na mwenzake ahakikishe. Ahadi ya kutunzana mliyoitoa mbele ya altare hutimizwa hata jikoni.