Unajua la Kufanya, Mbona Huanzi? Woga wa Kuuza kwa Kamisheni

Kama uko Kidato cha Nne unajua kalenda inavyokwenda. Mtihani Novemba, matokeo Januari, na wanaochaguliwa Kidato cha Tano kwa kawaida huripoti Julai. Hapo katikati kuna miezi saba hivi ya kukaa nyumbani. Wengi hujiambia, "Nikimaliza tu, nitatafuta kitu cha kufanya." Na kitu kinachotajwa sana siku hizi ni kuuza kwa kamisheni: unamletea mwenye mali mteja, mteja akinunua, nawe unapata fungu lako. Mtaji hauhitajiki. Duka halihitajiki.

Mbona basi wengi wanaimaliza miezi hiyo bila kumwambia hata mtu mmoja, "Samahani, kuna kitu nataka kukuonyesha"?

Utasema, hizi ni kurasa za afya, biashara imeingiaje? Imeingia kwa sababu kinachowazuia wengi hakiko sokoni. Kiko kichwani na mwilini: woga, haya, moyo kwenda mbio, kuahirisha mpaka kesho. Hayo ni mambo ya afya ya akili, na yana namna ya kushughulikiwa.

KWANZA, KAMISHENI YENYEWE

Si kitu kigeni. Wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008, anaishi kwa kamisheni. Dalali wa nyumba vilevile. Solar Sister, shirika lililoanzia Uganda likafika Tanzania, linawawezesha wanawake kuuza taa za sola na majiko banifu kwa majirani zao, na kila taa inayouzwa inamwachia muuzaji chochote. Ya mtandaoni ni hiyohiyo imevaa nguo nyingine. Kampuni inakupa linki yenye alama yako, unaituma kwa watu, na anayenunua kupitia linki hiyo anahesabiwa kuwa mteja wako. Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1996. (Angalizo: ukiambiwa ujiunge kuuzia Jumia hapa Tanzania, jua kwamba kampuni hiyo ilifunga huduma zake nchini Novemba 2019.)

Kwa kijana wa Momela ambaye mtandao unakuja na kupotea na bando ni ghali, linki bora huenda ni mdomo wako na duka la sola pale Usa River. Hivyo katika somo hili tutatumia mfano wa taa. Wewe weka bidhaa yako: vifaranga, sare za shule, asali, nafasi za kulala wageni wanaokwenda getini Momela. Woga ni uleule.

KWA NINI UNAGANDA?

Tuseme kuna binti aliyemaliza Kidato cha Nne. Mwenye duka amemwambia, "Niletee mteja, nakupa elfu tatu kwa kila taa." Binti amefurahi. Ameandika bei kwenye daftari, ameuliza waranti, amejifunza jinsi ya kuchaji. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili akasema ngoja nitafute karatasi nzuri ya kuandikia majina ya wateja. Ya nne akasema ngoja mvua ziishe. Ukimwuliza anafanya nini, atakuambia bado anajiandaa.

Kujiandaa kwa namna hii ni woga uliovaa sare ya kazi. Hauonekani kuwa woga kwa sababu una daftari.

Mwilini kinachotokea ni hiki. Ukifikiria kumkabili mtu ambaye anaweza kukukataa, ubongo unaona hatari, na mwili unamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unadunda, mikono inatoa jasho, koo linakauka, tumbo linavurugika. Ni mashine ileile inayokusaidia kukimbia ukikutana na nyati njiani, na huku kwetu nyati si hadithi. Shida ni kwamba mashine haijui kutofautisha nyati na mama jirani mwenye kanga. Ukirudi nyumbani bila kumsalimia, moyo unatulia, unajisikia vizuri. Hapo ndipo ubongo unajifunza vibaya: "Nilikimbia, nikapona." Kesho woga unakuwa mkubwa zaidi. Kila unapokwepa, unaulisha.

"WATANIITA DALALI"

Nikizungumza na vijana wa ukanda huu, sababu inayorudi sana siyo kukataliwa. Ni jina. Katika nyumba nyingi za Ngarenanyuki neno dalali si zuri. Baba amelima nyanya, amemwagilia, amepiga dawa, halafu anakuja mtu ambaye hajashika hata jembe, anataja bei ya tenga na anaondoka na faida. Mtoto aliyekua akisikia baba akilalamika hivyo mezani, leo umwambie asimame katikati ya muuzaji na mnunuzi apokee fungu! Lazima roho imsute.

Mjini Arusha nako picha si nzuri. Wako vijana wanaowafuata watalii maeneo ya Mnara wa Saa, wanawapeleka kwenye kampuni za safari na kulipwa kwa kila kichwa. Zanzibar watu wa namna hiyo wanaitwa papasi. Wamo waaminifu. Lakini wako pia wanaoahidi gari ambalo halipo, na hao ndio wanaokumbukwa.

Kwa hiyo haya yako ina asili, usiidharau. Jiulize tu: kilichomuudhi baba ni nini hasa? Kwamba mtu alipata fungu, au kwamba fungu lilifichwa? Dalali anayechukiwa ni yule anayemwambia mkulima bei moja na mnunuzi bei nyingine. Basi dawa ni kusema mapema, kabla hujaulizwa. Hata Marekani, mamlaka ya biashara inamtaka anayetangaza bidhaa kwa malipo aseme wazi kwamba analipwa. Wewe unaweza kusema hivi:

– Shikamoo mama.
– Marahaba mwanangu, karibu.
– Mama, nina taa ya sola ya kukuonyesha. Nikuambie kabisa, ukinunua, mwenye duka ananipa elfu tatu. Bei yako ni ileile ya dukani.
– Kumbe! Haya, hebu iwashe niione.

Anaweza pia kusema, "Sina hela mwanangu." Unashukuru, unaaga, unaondoka. Lakini huendi ukiwa na siri, na asiye na siri hutetemeka kidogo kuliko mwenye nayo. Mimi naona hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya mbinu nyingine yoyote.

UNAFUNIKA MDOMO?

Sasa jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya biashara vilivyoandikwa mbali haviligusi. Angalia vijana wangapi wa Momela, Ngarenanyuki na Maji ya Chai wanaoongea mkono ukiwa mdomoni. Meno ni ya kahawia. Wanaona aibu kucheka, sembuse kuuza.

Maji ya maeneo yaliyozunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya ukanda huu vinazidi hapo. Floraidi ikizidi huliharibu jino wakati linapoundwa ndani ya ufizi, utotoni. Maana yake, rangi ile si uchafu na wala si uvivu wa kupiga mswaki. Usisugue kwa mchanga wala kwa mkaa, utakwangua jino bure. Kwa wadogo zako bado kuna la kufanya: wapate maji yenye floraidi kidogo, hasa wakiwa wachanga. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya utafiti wa kuchuja maji ya kunywa kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mwulize mhudumu wa afya wa kijiji.

Na kuhusu kuuza: mteja wako wa Ngarenanyuki ana meno ya rangi gani? Haya basi. Shusha mkono. Ukifunika mdomo ukitaja bei, mtu atafikiri ni bei unayoificha.

NGAZI, SIYO KURUKA

Woga hauondoki kwa kuambiwa "usiogope". Unapungua mwili ukikaa mahali pa woga kwa muda na kugundua kwamba hakuna kilichouma. Wanasaikolojia hulitumia jambo hili kutibu woga wa kila aina, kuanzia wa buibui hadi wa kusimama mbele ya watu. Ila huanzi na buibui mkubwa. Wanaopanda Meru kupitia Momela hulala Miriakamba, wakalala tena Saddle, ndipo wakajaribu kilele.

Kwa binti yetu ngazi inaweza kuwa hivi. Siku ya kwanza amweleze bibi yake taa inavyofanya kazi, bibi ambaye hanunui. Kisha aende duka lolote aulize bei ya kitu na kuondoka bila kununua, ili azoee kuaga mikono mitupu. Kisha amwonyeshe taa rafiki yake na kumwomba amkatae kwa makusudi, tena kwa ukali. (Zoezi hili huishia kwa kicheko, ndiyo maana nalipenda.) Baada ya hapo jirani mmoja wa kweli. Baadaye wawili. Ngazi ikimtisha mno, aipasue katikati.

Pili, aweke saa na mahali. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko wanaosema "nitajitahidi". Kwa hiyo siyo "wiki hii nitauza". Ni: "Jumamosi nikishateka maji asubuhi, nitapita kwa mama anayeuza maziwa na kumwashia taa." Ona, hakuna nafasi ya kujadiliana na nafsi. Maji yametekwa, miguu inakwenda.

Tatu, ahesabu aliowaendea, asihesabu waliokubali. Kuendea kuko mikononi mwake. Kukubali kuko mikononi mwa mwenye pesa. Tuseme kati ya watu kumi mmoja ananunua. Hapo "hapana" tisa ni sehemu ya kazi, na elfu tatu ukiigawa kwa kumi, kila mlango alioubisha umemlipa shilingi 300, hata ule uliofungwa. Piga hesabu yako kwa namba zako.

WOGA WA KUSIKILIZWA

Sisemi kila woga ushindwe. Mwingine ni mlinzi wako.

Ukiambiwa ulipe kwanza ili "ujiunge", na faida itoke kwa wenzako utakaowaingiza, simama. Huo ni upatu, na kisheria ni kosa. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, na watu wengi waliokuwa "wamepanda mbegu" hawakuvuna.

Ukipewa vidonge au unga wa "kutibu kisukari, presha na UKIMWI" uuze kwa kamisheni, kataa. Dawa inasajiliwa na TMDA. Jirani akiacha dawa za hospitali kwa maneno yako, kamisheni hiyo itakukaa rohoni.

Na wewe dada: mwanaume akisema "nitanunua taa kumi, njoo uchukue hela jioni nyumbani kwangu," hilo unalolisikia tumboni ni akili. Huyo ni fataki. Uza mchana, uza ukiwa wawili, na mtu wa nyumbani ajue ulipo. Uking'ang'aniwa, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Ukiwa chini ya miaka 18, mambo ya laini ya simu na mikataba yafanye pamoja na mzazi. Na kama bado uko shuleni, haya ni ya likizo.

Ipo pia hali ambayo si woga wa kuuza tu. Kama kwa wiki kadhaa unakwepa hata kusalimia watu, hulali, huli vizuri, au unajiona huna maana, hilo si la ngazi ya kujitengenezea. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ueleze hivyohivyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru, wanapokea wagonjwa wanaopelekwa na vituo vidogo.

ZOEZI LA KLABU

Kaeni wawili wawili. Mmoja awe muuzaji, mwingine mteja. Mteja akatae mara tatu kwa namna tofauti: kwa upole, kwa dharau, kwa kunyamaza. Muuzaji ashukuru na kuaga kila mara, mkono ukiwa mbali na mdomo. Kisha mbadilishane.

Halafu jadilini:

Ni kukataliwa kupi kulikouma zaidi, na mwilini ulikusikia wapi?

Nyumbani kwenu neno dalali linatamkwaje? Dalali angefanya nini ili asitamkwe hivyo?

Andika kwenye daftari sentensi moja inayoanza na "Jumamosi nikisha…" na umsomee jirani yako. Jumatatu atakuuliza.