Nyumba Iliyofagiwa Isibaki Tupu

Somo la wiki: Mathayo 12:43-45



Somo letu ni fupi lakini tusilisome haraka. Yesu anaeleza habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu. Alizunguka akakosa pa kupumzika, akarudi alikotoka. Akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini tupu. Akaleta wenzake saba, na hali ya yule mtu ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Angalieni vizuri: nyumba haikuwa chafu. Shida yake ni kwamba hakuna aliyekuwa anakaa ndani.

Miaka michache iliyopita tulichanga pesa kijana wetu mmoja apelekwe rehabu kwa sababu ya unga, yaani heroini. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Nilisomea biashara, kwa hiyo nilipiga hesabu ya miezi mitatu: ada, nauli, sabuni, dawa. Ikatosha mpaka siku ya mwisho. Kijana akarudi amenenepa, akatoa ushuhuda, tukapiga makofi na vigelegele. Jumatatu akaamka hana kazi, hana rafiki asiyevuta, na maskani iko hatua chache tu kutoka kwao. Baada ya wiki tatu tukamzika. Bajeti yangu haikuwa na mwezi wa nne.

Wengine walisema ati hakuwa ameokoka kikweli. Mimi nilinyamaza, kwa sababu maneno hayo yalinipunguzia lawama. Leo nasema, maana kijana wetu mwingine anarudi mwisho wa mwezi huu.

Hatari inaanza wapi?

Pwani yetu kwanza ilijua unga wa kahawia wa kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mweupe, na wengi wakaanza kujidunga. Anayetumia kila siku, mwili wake unazoea na kipimo kinapanda. Akiacha, arosto inamshika ndani ya siku moja: jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki moja hivi hali inatulia.

Ndiyo maana mtu akifungiwa ndani siku saba akiombewa, anatoka akionekana mzima. Kumbe mwili wake umepoteza mazoea, lakini tamaa bado iko. Akirudia kipimo chake cha zamani, hata mara moja tu, pumzi inaweza kukatika. Sisi wa Garsen tunaelewa: maji ya Tana yakishuka baada ya mafuriko, mamba hawajahama.

Matibabu ya kuacha kabisa yanafanya nini?

Malindi, Omari Project imehudumia watumiaji wa unga tangu 1995. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba, zilianza 2009, na zimeendeshwa na watu ambao wenyewe waliwahi kutumia. Katika vituo vya namna hii mtu anapewa ratiba, kazi, ushauri, na kikundi cha kusema ukweli. Anajifunza ni watu gani, mahali gani na hasira gani zinamrudisha. Hafundishwi kuacha tu, anafundishwa kuishi. Akitoka, mikutano inapaswa kuendelea. Bila hiyo, tumefagia nyumba tukaiacha wazi.

Naulizwa pia kuhusu methadoni, ile dawa ambayo hospitali ya Malindi ilianza kuitoa 2015. Mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa sisi tulio zaidi ya kilomita 100 kutoka huko, safari ya kila siku ni ngumu, na familia nyingi zinachagua rehabu. Lakini ukimkuta mtu anaitumia, usimwambie aache ati imani yake ni ndogo. Akiachishwa ghafla, anarudi kwenye hatari ileile. Mwache na daktari wake, nawe umwombee.

Mwezi wa nne ni wetu

Soma Luka 10:35. Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Alipanga kurudi! Kwa hiyo safari hii tumepanga hivi:

1. Pa kukaa. Mzee mmoja wa ushirika wetu wa Ngao amekubali kumpokea, mbali na maskani.

2. Kazi. Ataanza na shamba la ndizi. Kwa makubaliano yake mwenyewe, malipo ya miezi ya kwanza yatashikwa na mama yake.

3. Mtu wa kupigia simu, hata saa nane usiku. Ndugu watatu wamejitolea kwa zamu.

4. Ushuhuda usubiri. Tukimsimamisha madhabahuni Jumapili ya kwanza, akiteleza ataona aibu kutuambia. Atavuta akiwa amejificha, na aliyejificha hana wa kumwokoa.

5. Tumwite kwa jina lake. Neno "teja" lisisikike hapa kanisani.

Na akianguka? Mkimkuta haamki, anapumua polepole au kwa kukoroma, midomo imegeuka rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali mara moja. Semeni wazi ametumia nini, maana iko dawa ya kumzindua inayoitwa naloksoni. Aibu ya familia ingojee.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:

Ni nani katika mtaa wako aliyeacha, na sasa amebaki peke yake? Wewe unaweza kumpa nini: saa moja, kazi ya siku, au kiti mezani kwako?

Tuombe: Bwana, utupe moyo wa kurudi kama Msamaria. Nyumba uliyoisafisha, utusaidie kukaa na mwenyewe ndani. Amina.