SOMO LA UFUNDI: KOMPRESA YA KIYOYOZI CHA GARI



Siku hizi magari yenye kiyoyozi yanafika hadi vijijini. Madereva wengi hukiita "eisii". Kikundi cha wanakijiji kikinunua pikapu iliyokwisha tumika, huenda ikawa na kiyoyozi. Kikiharibika, fedha za kikundi ndizo zitakazotoka. Kwa hiyo leo tujifunze habari za kompresa, ambayo ndiyo moyo wa kiyoyozi.

Kompresa hufanya kazi gani?

Tazama pampu ya baiskeli. Ukijaza upepo, pampu hupata moto. Upepo ukishindiliwa hupata joto. Sasa tazama mtungi wa maji. Maji yanayopenya nje ya udongo hukauka, na yakikauka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi. Kiyoyozi hutumia mambo haya mawili.

Kompresa huvuta gesi na kuishindilia. Gesi hupata moto. Hupita katika mabomba yaliyo mbele ya rejeta, upepo huipoza, nayo hugeuka kuwa majimaji. Kisha hupenya tundu dogo na kuingia katika mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi. Hapo hugeuka tena kuwa gesi na kuchukua joto la ndani ya gari. Feni hupuliza ubaridi kwa abiria. Gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Petroli na dizeli

Je, kompresa ya gari la dizeli hufanya kazi tofauti na ya petroli? Hapana. Katika injini ya petroli, plagi ndiyo inayowasha mafuta. Katika dizeli, mafuta huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Lakini injini zote mbili huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha kompresa. Ila ukinunua kompresa, ichukue ya aina ya injini yako, maana mahali pa kuifungia huenda pakawa tofauti.

Kompresa nyingi zina klachi ya sumaku. Ukizima kiyoyozi, klachi huachia na kompresa hupumzika. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilitoa gari lenye kiyoyozi kisicho na klachi. Ili kukizima, dereva alisimamisha gari, akafungua boneti, akautoa mkanda!

Kompresa hula nguvu ya injini, na nguvu hiyo hutoka katika mafuta. Ukipanda mlima na mzigo, au ukiona mshale wa joto unapanda, zima kiyoyozi.

Mambo ya kuangalia

1. Maji matupu yakidondoka chini ya gari, usiogope. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji.
2. Ukiona doa la mafuta kwenye maungio ya mabomba, gesi huenda inavuja. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, oili nayo hutoka, na kompresa hukauka na kukwama. Ziba tundu kwanza, ndipo ujaze gesi.
3. Usilegeze mabomba mwenyewe. Gesi ikiruka huweza kuunguza ngozi kwa baridi na kupofusha macho. Ikikutana na moto, hutoa moshi wenye sumu.
4. Usikubali fundi ajaze gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi. Gesi hiyo huwaka. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuua watu.

Gesi na dunia yetu

Gesi ya zamani, iitwayo R-12, iliharibu ozoni, tabaka la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal, Kanada, kupunguza gesi za namna hiyo. Baadaye magari yakatumia R-134a. Hiyo haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuipunguza nayo. Fundi mwema haiachii gesi hewani. Huivuta kwa mashine.

Basi ndugu, kabla kikundi hakijalipia gari, washeni kiyoyozi, mfungue boneti, mtazame. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mtungini huwa baridi?
2. Nini huzungusha kompresa?
3. Kwa nini gesi ya kupikia ni hatari ndani ya kiyoyozi?